Kitabu na muvi yake: maswali ambayo watu hawaachi kuuliza

Haya ndo maswali yanayorudi kila watu wakianza kubishana kuhusu muvi zilizotolewa kwenye vitabu. Nimeanza na mepesi, yale ya kuumiza kichwa yako chini, na pale jibu linapogusana na swali jingine nimekuelekeza huko badala ya kurudia. Humu natoboa mwisho wa hadithi kadhaa, kwa hiyo ukiona jina la muvi ambayo hujaiona na unataka kuiona, ruka hilo swali kwanza.

## Ya kuanzia

Kipi bora, kitabu au muvi?

Jibu la jumla hakuna. Kitabu kinakuingiza ndani ya kichwa cha mtu, unajua anawaza nini hata pale anapodanganya, na unakaa naye siku nne tano ukitaka. Muvi inakupa uso, sauti, mtaa wenyewe, mvua inavyopiga bati, halafu ndani ya saa mbili imekumaliza. Mimi huwa najiuliza kitu kimoja tu: hadithi hii ilikuwa inataka kusema nini, na muvi imelisema hilo au imelikimbia? Ikilisema, hata kama imetupa nusu ya kitabu, nitaitetea mbele ya mtu yeyote. Ikifuata kila ukurasa halafu lile jambo lenyewe likakosekana, kwangu hiyo imefeli.

Nianze na kipi?

Kitabu. Sababu ni kwamba ukishaona muvi, sura za waigizaji zinakuganda kichwani na huwezi tena kujitengenezea watu wako mwenyewe. Ukianza na kitabu unakuwa na watu wako, halafu unaenda kuona dairekta aliwaonaje yeye, na hapo ndo raha ya kulinganisha inapopatikana. Ila kama wewe si msomaji na muvi ndo itakufanya utafute kitabu, anza na muvi bila kuona aibu, wengi tumeingia kwa mlango huo.

Kwa nini muvi inakata vitu vingi hivyo?

Kwa sababu ya muda. Watu wa skripti wana hesabu yao ya kienyeji, ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja kwenye skrini. Kwa hiyo muvi ya saa mbili ni skripti ya kurasa 120 hivi, tena kurasa zenyewe zina nafasi nyeupe kibao. Riwaya ya kurasa 400 ukimpa mtu akusomee kwa sauti inaweza kumaliza saa kumi na zaidi. Sasa hizo saa zingine zote lazima ziende mahali.

Chukua The Godfather. Mario Puzo alitoa riwaya mwaka 1969, muvi ya Francis Ford Coppola ikatoka 1972, na skripti waliandika wote wawili, yaani mwenye kitabu alikuwepo mezani. Na bado wakakata. Yule mwimbaji Johnny Fontane ana sehemu ndefu sana kitabuni, kwenye muvi anatokea kidogo tu. Lucy Mancini kitabuni anahamia Las Vegas na ana maisha yake kamili huko, muvi haina habari na maisha hayo. Na ujana wa Vito, yule mzee mkuu wa mafia, jinsi alivyofika New York na kupanda, walioona ya kwanza hawakuupata kabisa mpaka ilipotoka sehemu ya pili mwaka 1974. Kukata siyo dharau kwa mwandishi, ni uamuzi wa kwamba hadithi hii ni ya Michael na baba yake huyo Vito, wengine wote wasogee pembeni. Mimi naona walipatia.

Wakiandika "imetokana na kitabu" wanamaanisha wamekifuata?

Hapana. Inamaanisha wamenunua haki, basi. Kuna wanaokifuata karibu sana, kuna wanaochukua wahusika na mwanzo wakaenda zao, na kuna wanaochanganya vitabu kadhaa.

Mfano wa karibu na sisi ni Out of Africa, ile ya 1985 iliyobeba Oscar saba, hadithi ya Karen Blixen na shamba lake la kahawa chini ya milima ya Ngong. Watu wanatoka kwenye muvi wanaenda kusoma kitabu chake cha 1937 wakitafuta yale mapenzi ya Meryl Streep na Robert Redford, hawayaoni. Kitabuni Denys Finch Hatton yupo kama rafiki mpendwa anayekuja na kuondoka, mume wa mwandishi hata kutajwa ni kwa shida. Mapenzi yale yametoka kwenye vitabu vya maisha yake vilivyoandikwa na watu wengine baadaye, na watengenezaji walivinunua vyote wakavichanganya. Kwa hiyo ukisema "muvi imeongopea kitabu" hujakosea, ila kumbuka ilikuwa na vitabu zaidi ya kimoja mkononi.

## Kwa nini wanabadilisha

Kwa nini wanabadilisha mwisho? Hilo ndo linaniudhi kuliko yote.

Linaudhi wengi. Sababu kubwa ni mbili, hela na watazamaji, na hakuna mfano mzuri kama Rambo.

Sisi tuliokulia vibanda umiza tunajua sheria moja, steringi hafi. Sasa tafuta First Blood, riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, usome mpaka mwisho. Steringi anakufa. Na anayemmaliza ni Trautman, yule yule mkubwa wake wa jeshini ambaye kwenye muvi ya 1982 anamkumbatia akilia. Mkuu wa polisi Teasle naye anakufa.

Na tofauti haianzi mwishoni, inaanza pale kituoni wanapotaka kumnyoa. Kwenye muvi Rambo anakumbuka mateso ya Vietnam, anawapiga polisi kwa mikono, anatoka mbio, anapora pikipiki. Kitabuni anaupora wembe na kumchana askari, mtu anakufa pale pale, halafu anakimbia na pikipiki akiwa uchi. Kuanzia hapo kitabuni Rambo ni muuaji na maiti zinazidi kuongezeka, wakati kwenye muvi nzima anakufa mtu mmoja tu, yule askari anayeanguka kutoka kwenye helikopta. Kitabu pia kinakupa Teasle kwa ndani, naye ni askari mstaafu wa vita ya Korea, ana nishani, mke kamkimbia, unasoma sura moja ukiwa upande wa Rambo, sura inayofuata uko upande wa Teasle, na hujui umuombee nani. Muvi ikaamua kwamba Rambo ni wa kuonewa huruma na Teasle ni adui.

Walirekodi mwisho ambao Rambo anakufa. Walipouonesha kwa watazamaji wa majaribio watu wakachukia, na Stallone mwenyewe hakutaka askari waliorudi Vietnam wapewe ujumbe kwamba hakuna njia nyingine isipokuwa kufa. Wakaweka ule anaojisalimisha. Kama wangebaki na ule wa kitabuni tusingekuwa na Rambo ya pili wala ya tatu, na hapo ndo unaona hela inavyoingia. Binafsi naona kitabu ni kikali zaidi na kinasema ukweli zaidi kuhusu vita inavyomla mtu, lakini ile ya kulia mwishoni kwenye muvi, askari mzima analia kama mtoto kwa sababu hawezi hata kupata kazi ya kuegesha magari, hiyo nayo inasema kitu.

Mbona mwigizaji hafanani kabisa na nilivyomsoma?

Kwa sababu wanaangalia nani anaweza kuibeba roho ya mhusika, na wakati mwingine wanaangalia nani atauza tiketi, haya mawili usiyachanganye. Red, yule mfungwa wa The Shawshank Redemption, kitabuni ni Mzungu mwenye asili ya Ireland mwenye nywele nyekundu, na ndo maana ya jina. Wakampa Morgan Freeman. Wakaibakiza hata ile sentensi anayoulizwa kwa nini anaitwa Red anajibu labda kwa sababu ni mtu wa Ireland, sasa ikitoka mdomoni kwa Freeman watu wanacheka. Leo nani anaweza kumsoma Red bila kusikia ile sauti?

Upande wa pili, Robert Redford kumchezea Finch Hatton, Mwingereza wa ukoo mkubwa, akiwa na matamshi yake yale yale ya Kimarekani kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hapo naona walichukua jina kubwa tu.

Kuna muvi yoyote iliyokipita kitabu?

Zipo, na Shawshank ni mojawapo. Stephen King aliiandika kama hadithi ndefu kidogo kwenye kitabu chake cha mwaka 1982 chenye hadithi nne, muvi ikatoka 1994, haikuuza ilipotoka, ikaja kupendwa baadaye kwenye kanda na TV. Kitabuni wakuu wa gereza ni kadhaa, wanabadilishana miaka inavyoenda, kwa hiyo ubaya umegawanyika. Muvi ikaukusanya wote kwa mtu mmoja, Norton. Kitabuni Tommy, yule kijana mwenye ushahidi wa kumtoa Andy, steringi aliyefungwa bila kosa, anahamishiwa gereza lenye nafuu ili anyamaze. Kwenye muvi anapigwa risasi. Kitabuni Norton anajiuzulu na kuondoka kichwa chini, kwenye muvi anajimaliza ofisini. Kila badiliko limeongeza uzito, na lile jambo la msingi, kwamba matumaini yanamuweka mtu hai ndani ya kuta, halijaguswa.

Na kwa nini ilitosha? Kwa sababu hadithi yenyewe ilikuwa fupi, dairekta hakulazimika kukata sana, alikuwa na nafasi ya kuongeza. Nadhani ndo maana hadithi fupi na za kati mara nyingi zinatoa muvi nzuri kuliko riwaya nene. Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la Cannes, ilianzia kwenye hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007, ikahamishwa mpaka Nairobi na kuongezewa karibu kila kitu.

Forrest Gump je? Kitabuni Forrest anarushwa mpaka anga za juu akiwa na orangutani. Nafurahi walikata.

Kitabu kimoja kinakuwaje muvi tatu?

Hela, sina maelezo mengine. The Hobbit ni kitabu cha watoto cha kurasa kama 300, wakakivuta mpaka muvi tatu, 2012 mpaka 2014, na unaona kabisa inavyovutika. Linganisha na kitabu cha tano cha Harry Potter, ndo kinene kuliko vyote saba, na muvi yake ni kati ya zile fupi kabisa. Unene wa kitabu na urefu wa muvi havina undugu.

Si bora watengeneze sizini tu badala ya muvi?

Kwa riwaya nene, ndiyo. Sizini ya episodi nane inakupa saa nane, wahusika wadogo wanapata nafasi ya kupumua, hakuna haja ya kuua shangazi wa watu ili muda utoshe. Gabriel García Márquez alikaa miaka yote akikataa kuuza haki za One Hundred Years of Solitude, akiamini haitoshei kwenye muvi. Baada ya yeye kufariki familia ikakubali, kwa makubaliano kwamba iwe mfululizo mrefu, iwe kwa Kihispania, irekodiwe Colombia, na episodi nane za kwanza zikatoka Desemba 2024.

Ila sizini nayo ina shida zake. Game of Thrones ilianza 2011 ikiwa na vitabu vya kufuata, ikafika mahali ikavipita kwa sababu mwandishi alikuwa bado hajamaliza, na toka hapo kila mtu aliona kasi na maongezi vimebadilika. Ilipoisha 2019 vitabu vilikuwa bado vitano vile vile. Kwa hiyo kabla hujaanza kufuatilia sizini uliza kwanza kama kitabu kimeisha.

## Vuta N'kuvute, mitihani na vibanda vya video

Vuta N'kuvute ya kwenye skrini ni ile ile ya shuleni?

Ndiyo, ni riwaya ya Adam Shafi iliyochapwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, na filamu ni ya Amil Shivji, ilioneshwa tamasha la Toronto Septemba 2021, kisha Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar ya filamu za kimataifa mwaka 2022. Kwangu hili ni tukio kubwa. Tuna riwaya nzuri za Kiswahili za kujaza rafu, na zilizofika kwenye skrini kwa hadhi hii ni za kuhesabu.

Hadithi ni ya Zanzibar ya miaka ya 1950, wakoloni bado wapo. Yasmini, binti wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza mwenye duka, mtu wa umri wa baba yake. Anamtoroka, anaishia Ng'ambo kwa shoga yake Mwajuma, anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi anayesakwa na Waingereza kwa siasa zake. Kitabu kinatanga sana, kinakupeleka Mombasa na kukurudisha, kina wenzake Denge kina Mambo, Sukutua na Huseni wenye porojo na mipango yao, kina Koplo Matata, kina Shihab na Bukheti, maana Yasmini kitabuni haolewi mara moja tu. Filamu ni ya kama saa moja na nusu, ikaukaza uzi kwa Yasmini na Denge, mapenzi na mapambano basi.

Umekosa nini? Umekosa ile mizunguko, na kwenye mizunguko ndo unamuona Yasmini anakomaa taratibu, kosa kwa kosa. Unachopata ni Kiswahili cha Unguja masikioni, vichochoro vya Mji Mkongwe, rangi, muziki, na mwimbaji Siti Amina yumo. Kwa kipimo nilichosema kwenye swali la kwanza kabisa, filamu imelibeba jambo lake: binti anayekataa kumilikiwa ndani ya nchi inayokataa kutawaliwa. Ukiimaliza usiishie hapo, soma na Kuli ya huyo huyo Adam Shafi, ya makuli wa bandarini na mgomo wao wa 1948, nikitajiwa riwaya ya kugeuzwa filamu kesho asubuhi mimi nasema hiyo.

Naweza kuangalia filamu tu nikaingia kwenye mtihani?

Usithubutu. Riwaya hii imekuwa kwenye orodha ya kidato cha tano na sita Tanzania miaka mingi na maswali yanayotoka ni ya kitabu. Msahihishaji anataka dhamira, migogoro, wahusika, na matumizi ya lugha, yaani methali, misemo, tashbiha, taswira, na mfano utoe kitabuni. Tashbiha ya msimuliaji haionekani kwenye skrini, msimuliaji mwenyewe hayupo. Na ukimaliza jibu lako kwa mwisho wa kwenye filamu umejikaanga.

Filamu itumie hivi: soma kitabu, halafu angalia ukiwa na karatasi, andika kila kilichoachwa na kila kilichohamishwa, halafu jiulize kwa nini. Zoezi hilo peke yake linakufundisha muundo na wahusika kuliko kukariri noti za mtu.

Na kama kitabu cha shule ni tamthilia?

Hapo mambo ni tofauti kabisa. Tamthilia kama Ngoswe au Kilio Chetu iliandikwa ichezwe, kwa hiyo kuiona jukwaani ni kuikuta nyumbani kwake. Kenya vikundi vya waigizaji vinazunguka mashuleni vikicheza setbuku na kuuza rekodi, na wanafunzi wanaelewa vizuri tu. Angalia jambo moja, wanaigiza tamthilia na riwaya zote kwa mtindo mmoja, ya riwaya wanakuwa wameshaifupisha na kuigeuza wenyewe, kwa hiyo ile haihesabiki kama umesoma.

Niliiona iliyotafsiriwa na wasimuliaji wa vibandani, ya Lufufu au DJ Afro. Hiyo hadithi ndo yenyewe?

Hiyo ni hadithi ya tatu. Mwandishi aliandika, dairekta akaibadilisha, halafu msimuliaji wetu akaipa Kiswahili chake, akawabatiza watu majina, akaeleza mawazo yao, akakuonya kabla adui hajatokea. Naheshimu sana kazi hiyo, watu wengi Bongo na Kenya wasingeijua sinema bila hao. Na ukifikiria vizuri, msimuliaji anarudisha kitu ambacho muvi ilikitupa, yule mtu wa kukwambia steringi anawaza nini moyoni, kazi ambayo kwenye kitabu inafanywa na mwandishi. Ila anachokwambia kakitoa kichwani mwake, kwa hiyo usikitumie kubishana na aliyesoma kitabu.

## Zinazosema ni kisa cha kweli

Yule daktari wa Idi Amin alikuwepo kweli?

Hakuwepo. The Last King of Scotland ni riwaya ya Giles Foden ya 1998, na Nicholas Garrigan, daktari kijana wa Scotland, ni wa kubuni, amechotwa kwa watu mbalimbali waliokuwa karibu na Amin, hasa Bob Astles, ambaye hata daktari hakuwa. Muvi ya 2006 ilirekodiwa Uganda kwenyewe na Forest Whitaker akapata Oscar ya mwigizaji bora.

Sasa tatizo langu. Kay, mke wa Amin, alikuwepo kweli na alikufa kifo kibaya sana mwaka 1974. Muvi imemtengenezea mapenzi na Garrigan, mtu ambaye hakuwahi kuishi, halafu ikafanya hayo mapenzi ndo sababu ya kifo chake. Watu wanatoka pale wakiamini wamejifunza historia. Kubuni daktari sina neno, kubuni sababu ya kifo cha mwanamke aliyeacha watoto naona wamevuka mpaka.

Kijana wa Malawi na kinu cha upepo je, ile ni kweli?

Hiyo ni kweli kwa kiasi kikubwa. William Kamkwamba wa wilaya ya Kasungu aliachishwa shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akajisomea maktaba kitabu cha mambo ya nishati, akaunga kinu kwa vipande vya baiskeli na vyuma chakavu. Kitabu alichoandika na Bryan Mealer kilitoka 2009, muvi ikatoka 2019, Chiwetel Ejiofor akaongoza na kucheza kama baba, na wanaongea Kichewa sehemu kubwa.

Kilichosogezwa ni mpangilio. Kwenye muvi kinu kinavuta maji, shamba linafufuka, njaa inakwisha. Kwenye maisha yake kinu cha kwanza kiliwasha taa na redio, mambo ya pampu yalifuata baadaye. Ukikaa ukasoma kitabu unaona kitu muvi haikuwa na muda nacho, majaribio yanayofeli na miezi ya kuzunguka jalalani akiokota vipuri huku watu wanamuita chizi. Mtoto anayependa ufundi mpe kitabu.

## Kesi ngumu

Mwandishi akiichukia muvi, niichukie na mimi?

Huna haja. Stephen King hajawahi kuipenda The Shining ya Stanley Kubrick ya 1980, mpaka akasimamia ya kwake ya TV mwaka 1997. Hoja yake ni ya maana: kitabuni Jack ni baba mwema anayepigana na pombe na hoteli inammeza taratibu, kwenye muvi anaonekana ana kichaa tangu interviu ya kazi. Hata mwisho, kitabuni boila la hoteli linalipuka na moto unateketeza kila kitu, kwenye muvi Jack anaganda kwenye theluji. Moto na barafu. Lakini muvi ya Kubrick mpaka leo inatisha watu na ile ya TV wachache wanaikumbuka. Mwandishi ana haki ya kuumia kwa ajili ya watu wake aliowaumba, na wewe una haki ya kuogopa unapoogopeshwa.

Kuna kitabu kimetoka baada ya muvi, hapo kipi kilitangulia?

Kipo cha aina hiyo, kinaandikwa kutoka kwenye skripti ili kuuzwa pamoja na muvi, na vingi ni vya haraka haraka. Rambo ya pili ya 1985 ina kitabu, na aliyekiandika ni David Morrell huyo huyo aliyemuua Rambo kwenye cha kwanza (rudi kwenye swali la mwisho uliobadilishwa). Akaweka neno mwanzoni kueleza kwamba kwenye riwaya yake Rambo alikufa, kwenye muvi anaishi, mambo yakaendelea. Kesi nyingine ni 2001: A Space Odyssey ya 1968, Arthur C. Clarke aliandika riwaya huku Kubrick akitengeneza muvi, wakipeana mawazo, kwa hiyo hapo hakuna mama wala mtoto.

Nataka kutengeneza filamu ya riwaya ninayoipenda, nianzie wapi?

Anza na mchapishaji, jina na anwani viko kurasa za mwanzo za kitabu. Muulize haki za filamu ziko kwa nani, maana inategemea mkataba waliosaini, zinaweza kuwa kwa mwandishi, kwa mchapishaji, au kwa warithi kama mwandishi ametangulia. Kwa sheria za Tanzania na Kenya hakimiliki inadumu uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo kitabu kuwa cha zamani au kutokuwepo madukani hakukupi ruhusa. Kwa ushauri kuna ofisi za hakimiliki, COSOTA Bara, COSOZA Zanzibar na KECOBO Kenya.

Kwa kawaida hununui haki siku ya kwanza. Unalipa hela kidogo ili mwenye kazi akushikie kwa muda, mwaka mmoja au zaidi, asimuuzie mwingine wakati wewe unatafuta bajeti. Ukipata bajeti unalipa iliyobaki, muda ukiisha hujapata haki zinarudi kwake. Muandikishane kila kitu: ni muvi au sizini, lugha gani, nani ana neno la mwisho kwenye skripti, sehemu ya pili ikitokea inakuwaje. Filamu ya darasani nayo inataka ruhusa pale unapotaka kuipeleka tamasha au kuipandisha YouTube.

Barua iwe fupi. Sema wewe ni nani, kitabu gani, unataka kutengeneza nini na kwa muda gani, kwa nini hadithi hii na siyo nyingine, halafu ambatanisha kazi uliyowahi kufanya hata kama ni ya dakika tano.